Ugwe wa Mgongo Unapobanwa: Sababu, Namna Madhara Yanavyotokea na Hatua za Mapema

Lengo la somo

Baada ya kusoma makala haya, mtoa huduma wa afya aweze kueleza kwa nini mgandamizo wa ugwe wa mgongo hupoozesha, kutaja sababu zake kuu katika mazingira ya Tanzania, kutambua dalili zake mgonjwa angali anatembea, na kuchukua hatua sahihi katika zahanati au kituo cha afya kabla ya rufaa. Mgonjwa na jamaa zake nao wataona ni maumivu gani ya mgongo yasiyopaswa kuvumiliwa nyumbani.

Kanuni moja inatawala somo zima: hali ya mgonjwa siku tiba inapoanza ndiyo inayoashiria zaidi hali atakayobaki nayo. Anayeanza tiba akiwa anatembea, kwa kawaida ataendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kabisa kwa siku kadhaa, hasa kwa saratani au ajali, mara nyingi hainuki tena. Kwa mkazi wa Msangano, katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, jambo hili lina uzito wa pekee. Kutoka zahanati ya kijijini hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya, na pengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, kila hatua hula muda, na muda huo hutolewa katika uhai wa chembe za fahamu. Ndiyo maana uamuzi wa mtu wa kwanza kumwona mgonjwa una thamani kubwa.

Maneno na maumbile

Katika lugha ya kila siku, “uti wa mgongo” humaanisha mambo mawili: mifupa ya mgongo na kamba laini ya fahamu iliyo ndani yake. Ili kuepusha mkanganyiko, hapa mifupa itaitwa safu ya pingili, na kamba ya fahamu itaitwa ugwe wa mgongo.

Safu ya pingili ina pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, ambazo hufuatwa na mfupa wa nyonga ya nyuma na kifandugu, ambavyo pingili zake zimeungana. Kila pingili ina kiwiliwili kizito upande wa mbele, ambacho hubeba uzito wa mwili, na tao la mfupa upande wa nyuma. Kati ya kiwiliwili na tao hubaki tundu, na matundu ya pingili zote yakipangana hufanya mfereji. Kati ya kiwiliwili kimoja na kingine kuna diski, yaani mto wa gegedu unaopunguza mshindo.

Ugwe wa mgongo hushuka ndani ya mfereji huo kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 42 hadi 45, na unene usiozidi sana kidole kidogo cha mkono. Umezungukwa na maji, tando tatu, mafuta laini na mtandao wa vena. Kutoka kwake hutoka jozi 31 za neva zinazokwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Jambo linalosahauliwa mara kwa mara ni kwamba ugwe haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mfereji una shada la neva tu, ambalo wanatiba hulifananisha na mkia wa farasi. Kwa hiyo mgonjwa ambaye miguu yake imedhoofika huku imekakamaa hana tatizo kiunoni. Tatizo lake liko kifuani au shingoni. Picha ya eksirei ya kiuno pekee kwa mgonjwa kama huyo itatoka safi, naye atarudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Namna mgandamizo unavyoumiza

Mfereji wa pingili ni bomba la mfupa lisilotanuka. Shingoni, upana wake kutoka mbele hadi nyuma ni takriban milimita 17, na ukipungua chini ya milimita 13 huhesabiwa kuwa mwembamba. Katikati ya kifua nafasi inayobaki kuuzunguka ugwe ni ndogo zaidi, na damu inayofika huko pia ni haba. Kwa sababu hizo mbili, uvimbe ambao ungevumilika kwingine huleta ulemavu haraka ukitokea kifuani.

Kitu chochote kinapoingia katika bomba hilo, madhara hufuatana kwa hatua. Kwanza husukumwa maji na mafuta, na katika hatua hii mgonjwa anaweza kuhisi maumivu tu. Kisha hubanwa vena, kwa kuwa kuta zake ni laini na shinikizo la damu ndani yake ni dogo. Damu ikishindwa kutoka, maji huvuja kutoka mishipani na ugwe huvimba. Uvimbe huo huongeza mgandamizo, na mgandamizo huongeza uvimbe. Mwishowe hata ateri hushindwa kupitisha damu, chembe hukosa oksijeni, na sehemu ya ugwe hufa.

Mfuatano huu unaeleza mambo mawili ambayo huwashangaza wengi. La kwanza ni kwamba mgonjwa anaweza kudhoofika polepole kwa wiki kadhaa, kisha akapooza kabisa usiku mmoja. Huenda uvimbe haukukua ghafla usiku ule. Damu ndiyo iliyokatika. La pili ni kwamba kuna kipindi ambacho madhara bado yanarudi nyuma. Nyuzi za fahamu zilizopoteza ala yake au zilizozungukwa na maji hunyamaza bila kufa, na mgandamizo ukiondolewa huweza kufanya kazi tena. Uzi uliokatika au kufa ndani ya ugwe haurudi.

Kasi nayo ni muhimu. Uvimbe usio wa saratani unaokua kwa miaka unaweza kuusukuma ugwe hadi ukawa mwembamba kama utepe, na mtu bado akatembea, kwa sababu ugwe ulipata muda wa kuzoea. Kipande cha mfupa kinachoingia kwa sekunde moja wakati wa ajali huleta maafa hata kikiwa kidogo. Tena jeraha la ajali halikomi pale. Katika saa na siku zinazofuata, damu huvuja, ugwe huvimba, na kemikali zinazotoka katika chembe zilizokufa huua chembe jirani. Shinikizo la damu likishuka au oksijeni ikipungua njiani, jeraha hilo la pili huwa kubwa kuliko la kwanza.

Sababu kuu

*Kifua kikuu cha mgongo.* Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na hadi leo duniani huitwa kwa jina lake, ingawa mabaki ya miili ya Misri ya kale yanaonyesha kuwa umekuwepo kwa maelfu ya miaka. Bakteria husafiri kwa damu kutoka mapafuni au kwingineko na kutua sehemu ya mbele ya viwiliwili vya pingili, karibu na diski. Mfupa huliwa polepole. Kwa kuwa ni upande wa mbele unaobomoka huku tao la nyuma likisimama, safu huinama mbele na kibiongo hutokeza. Usaha hujikusanya bila joto kali wala wekundu, na huweza kufuata misuli hadi kutokea kama uvimbe kwenye kinena, mbali na chanzo chake.

Katika hatua ya ugonjwa ulio hai, kinachobana ugwe ni usaha, nyama iliyooza, vipande vya mfupa na uvimbe, na wagonjwa wengi hupona vizuri wakitibiwa mapema. Aina nyingine ya kupooza huja miaka mingi baadaye, baada ya vidudu kufa, pale ugwe unapovutwa juu ya kona ya mfupa ya kibiongo kikali. Hiyo ni ngumu zaidi kutibu, na kinga yake ni kuukamata ugonjwa kabla kibiongo hakijakua. Ikumbukwe kwamba mgonjwa mwenye kifua kikuu cha mgongo anaweza asikohoe kabisa, na makohozi yake yasionyeshe vidudu.

*Saratani iliyosambaa.* Saratani za tezi dume, matiti na mapafu hupenda kutua kwenye pingili, na limfoma pamoja na saratani ya uboho nazo huzishambulia. Mwaka 1940 daktari Mmarekani Oscar Batson alieleza mtandao wa vena usio na vali unaounganisha nyonga na safu ya pingili. Mtu anapokohoa au kujikamua, damu huweza kurudi nyuma kupitia njia hiyo, na hivyo chembe za saratani ya tezi dume hufika mgongoni. Zaidi ya nusu ya migandamizo ya saratani hutokea kifuani. Maumivu hutangulia kupooza kwa wiki au miezi kwa wagonjwa walio wengi, na tabia yake ni kuzidi usiku na wakati wa kulala chali. Mwanamume mzee mwenye shida ya mkojo na maumivu mapya ya mgongo asichukuliwe kuwa na “uzee” tu.

*Ajali.* Tunduma ni lango la barabara kuu iendayo Zambia, na malori, mabasi na bodaboda huonana huko mchana na usiku. Bondeni Msangano, ambako watu hulima na kufuga, hatari nyingine ni kuanguka kutoka juu ya mti au paa, kupinduka kwa mkokoteni na kuangukiwa na gunia. Pingili huvunjika zaidi pale kifua kigumu kinapokutana na kiuno kinachopinda, yaani kati ya pingili ya 11 ya kifua na ya pili ya kiuno. Mtu anayeanguka akiwa na mzigo mzito kichwani hujiongezea nguvu ya kuikandamiza shingo. Tafiti za Bangladesh zimeitaja ajali ya namna hiyo kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuumia ugwe nchini humo. Makuli wanaopakia na kushusha mizigo mpakani, na akina mama wanaobeba kuni na maji kichwani, wanahusika na somo hili.

*Sababu nyingine.* Usaha wa bakteria wa kawaida ndani ya mfereji huja kwa kasi, pamoja na homa kali na maumivu makali. Bruselosi, inayoambukizwa kwa maziwa mabichi na kwa kuhudumia mifugo inapozaa, huweza kula pingili na kufanana na kifua kikuu. Diski iliyochomoza na uchakavu wa shingo hubana ugwe wa watu wa makamo na wazee, na dalili yao ya kwanza mara nyingi ni mikono kukosa wepesi: vifungo vya shati havifungiki, kalamu inateleza.

Pale picha ya pingili inapopatikana, kanuni moja husaidia ingawa haikosi vighairi: maambukizi huila diski na pingili mbili zinazopakana nayo, ilhali saratani kwa kawaida huiacha diski ikiwa nzima na kuharibu mfupa, mara nyingi kuanzia nyuma.

Si kila kupooza ni mgandamizo

Kuna magonjwa yanayoudhuru ugwe bila kuubana, na ni vema kuyakumbuka. Konzo, inayotokana na sumu ya muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo, ilizuka wilayani Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame. Mgonjwa wa konzo hukakamaa miguu yote miwili ghafla, ndani ya siku chache. Kisha hali haizidi, mgongo hauna kibiongo, na hisia za ngozi hubaki. Kichocho, upungufu wa vitamini B12, virusi vya HTLV-1 na VVU vyenyewe pia huweza kudhuru ugwe. Hata hivyo, mpangilio sahihi wa fikra ni kuuchunguza mgandamizo kwanza, kwa sababu ndio usiosubiri.

Kusoma dalili mwilini

Dalili za tahadhari kwa mwenye maumivu ya mgongo ni hizi:

1. Maumivu ya katikati ya mgongo, kati ya mabega au kifuani, yanayodumu zaidi ya wiki chache na kuzidi usiku.
2. Maumivu yanayozunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa.
3. Kupungua uzito, homa za jioni au jasho la usiku.
4. Historia ya saratani au kifua kikuu, au kuishi na VVU.
5. Kibiongo kipya, au pingili moja inayouma ikigongwa kwa kidole.
6. Miguu kuwa mizito, kujikwaa, kuanguka gizani, au kandambili kuvuka mguuni bila mtu kujua.
7. Ganzi miguuni au sehemu za siri, na mabadiliko yoyote ya mkojo au haja kubwa.

Dalili za namba 6 na 7 ni dharura. Hazihitaji kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Katika mgandamizo wa polepole unaotoka mbele, kama wa kifua kikuu, mpangilio wa kawaida ni nguvu na wepesi wa miguu kuharibika kwanza, kisha hisia, na mwisho kibofu. Anayeshindwa kukojoa amekwisha kufika mbali. Mkojo unaotiririka bila kukoma usimdanganye mhudumu. Mara nyingi kibofu kimejaa na kinachotoka ni cha kufurika. Apapase chini ya kitovu.

Uchunguzi hauhitaji mashine. Mgonjwa atembee hatua kumi huku akitazamwa. Ainue kila mguu akiwa amelala, huku mhudumu akiukandamiza. Mwitiko wa goti linapogongwa ukiwa mkali kupita kiasi, na dole gumba la mguu likipanda juu unyayo unapokwaruzwa, dalili aliyoieleza Joseph Babinski mwaka 1896, basi ugwe una shida. Saa na siku za mwanzo baada ya ajali miguu huweza kulegea badala ya kukakamaa; ulegevu huo usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba ugwe ni mzima.

Kisha utafutwe mpaka wa hisia. Kijiti kilichochongoka kidogo kipandishwe kutoka mguuni hadi kifuani, na mgonjwa aseme pale anapoanza kuhisi vizuri. Chuchu ni kituo cha neva ya nne ya kifua, kitovu ni cha neva ya kumi, na kinena ni cha neva ya kwanza ya kiuno. Kwa kuwa ugwe ni mfupi kuliko safu ya pingili, pingili yenye ugonjwa huwa juu ya namba ya neva: mpaka ukiwa kitovuni, mfupa wa kuchunguza uko karibu na pingili ya 7 au ya 8 ya kifua, usawa wa ncha ya chini ya bapa la bega. Upande mmoja ukiwa dhaifu na upande wa pili ukipoteza hisia za maumivu na joto, ugwe umeumia nusu. Aliyeieleza hali hiyo, Charles-Édouard Brown-Séquard, alizaliwa katika kisiwa cha Morisi mwaka 1817.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mama wa miaka 34, mkulima wa mpunga Msangano, anaumwa mgongo kati ya mabega kwa miezi 3. Amepewa dawa za maumivu mara mbili, ametibiwa UTI mara moja na taifodi mara moja. Amepungua hadi kanga anaifunga mizunguko zaidi. Wiki mbili zilizopita alianza kujikwaa kwenye majaruba. Leo amefika zahanati akiwa ameshikwa mkono na shemeji yake.

Nafasi ya kwanza ya kumwokoa ilipita mwezi wa kwanza: maumivu ya kifuani yasiyopona, pamoja na kukonda, yalitosha kumtuma akapimwe kifua kikuu na kupigwa picha ya pingili za kifua. Nafasi ya pili ndiyo hii ya leo. Mhudumu akimvua blauzi atakiona kibiongo kidogo usawa wa ncha za mabapa ya mabega; akipima hisia ataukuta mpaka karibu na kitovu; akimuuliza kuhusu mkojo ataambiwa kwamba siku mbili hizi unachelewa kutoka. Akimwandikia rufaa ya dharura leo, mama huyu ana matumaini makubwa ya kurudi shambani kwa miguu yake. Akimwandikia sindano ya maumivu na kumwambia arudi wiki ijayo, huenda akarudishwa amebebwa.

Hatua katika zahanati na njiani

*Kwa mgonjwa wa ajali.* Asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu, wala asiketishwe au kupakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo vilingane na mwili, wengine watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo, naye alazwe juu ya machela ngumu. Ubao au mlango uliong’olewa hufaa. Kichwa kizuiwe kwa nguo zilizokunjwa pande zote mbili. Njia ya hewa iangaliwe kwanza, hasa shingo ikiumia, kwa sababu neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka pingili za kati za shingo. Apewe oksijeni ikiwepo, na dripu ikiwa shinikizo la damu limeshuka. Akifika hospitalini aondolewe kwenye ubao mapema, maana ubao nao huchimba vidonda.

*Kwa mgonjwa wa ugonjwa.* Awekewe mpira wa mkojo akishindwa kukojoa. Apimwe VVU na atolewe makohozi kama anakohoa. Pale saratani inaposhukiwa na ugwe umeanza kuumia, daktari anaweza kuanzisha deksamethasoni, mara nyingi jumla ya miligramu 16 kwa siku, ili kupunguza uvimbe wakati tiba kamili ikiandaliwa. Dawa hiyo isitolewe kiholela: hupandisha sukari, na huweza kuficha limfoma na kuyachochea maambukizi.

*Barua ya rufaa* iandike mambo matano: siku maumivu yalipoanza, siku miguu ilipoanza kudhoofika, kama mgonjwa anatembea leo, mpaka wa hisia ulipo, na hali ya mkojo. Hospitali inayopokea ipigiwe simu. Barua inayosema “maumivu ya mgongo” pekee humpeleka mgonjwa kwenye foleni ya kawaida.

Kipimo bora ni MRI ya safu nzima, kwa sababu ugonjwa huweza kuwa mahali zaidi ya pamoja. Pale isipopatikana, eksirei ya kifua na ya pingili za kifua, ya mbele na ya pembeni, au CT-Scan, hutosha kuanza kuamua.

Tiba na matarajio

Kifua kikuu cha mgongo hutibiwa kwa dawa zile zile nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi 2 ya kwanza, kisha mbili kati yake huendelea hadi jumla ya miezi 9 hadi 12 kulingana na mwongozo. Dawa hizo hutolewa bila malipo kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977. Kuanzia miaka ya 1960, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio Korea, Hong Kong, Bulawayo na Madras. Yalionyesha kuwa wagonjwa wengi wasio na kupooza kukubwa hupona kwa dawa wakiishi nyumbani, bila kulazwa kitandani kwa miezi wala kufungwa plasta ya mwili. Upasuaji hubaki kwa anayeendelea kudhoofika licha ya dawa, mwenye kupooza kukubwa, au ambaye safu yake inazidi kuporomoka.

Kwa saratani, njia ni mionzi, upasuaji, au vyote viwili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na kufuatiwa na mionzi na wale waliopata mionzi peke yake: asilimia 84 ya kundi la kwanza waliweza kutembea baada ya tiba, dhidi ya asilimia 57 ya kundi la pili. Wagonjwa wale walichaguliwa, wenye eneo moja la mgandamizo, hivyo matokeo hayo hayamhusu kila mtu. Lakini yanathibitisha kwamba kuuondolea ugwe mzigo wake mapema kuna faida. Tanzania hutoa tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Kwa ajali, ushahidi unaelekea kwenye upasuaji ndani ya saa 24 pale inapowezekana.

Kwa mgonjwa na familia

Mgongo wenye dalili za tahadhari usikandwe kwa nguvu, usinyooshwe wala kukanyagwa. Mkandaji anayeheshimika kijijini anaweza kuwa mshirika mwema akijua kwamba kibiongo kipya au miguu mizito humtaka ampeleke mgonjwa zahanati siku ile ile.

Aliyepooza bado ana maisha ya kuishi. Hadi katikati ya karne ya 20, waliovunjika mgongo walikufa mapema, si kwa kupooza kwenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha Stoke Mandeville nchini Uingereza mwaka 1944, alionyesha kwamba uangalizi wa kila siku hubadilisha hatima hiyo. Kazi hiyo yaweza kufanyika Msangano: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ngozi ya matako, visigino na nyonga ikaguliwe kwa macho kila siku, kwa sababu yeye hahisi inapoungua, anayetumia wheelchair ajiinue mara kwa mara, kibofu kimwagwe kwa ratiba, kila saa 4 hadi 6, kwa mpira safi, viungo vinyooshwe taratibu visikakamae.

Aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua akipata ghafla maumivu makali ya kichwa, jasho usoni na shinikizo la damu kupanda, aketishwe wima mara moja na kuangaliwa kama mpira wa mkojo umejikunja au kuziba. Kibofu kilichojaa ndicho chanzo cha kawaida, na hali hiyo huua isiposhughulikiwa.

Maswali ya kujipima

1. *Mzee wa miaka 70 ana miguu iliyokakamaa. Eksirei ya kiuno ni safi. Je, aruhusiwe?* Hapana. Ugwe huishia mwanzo wa kiuno. Zipigwe picha za kifua na shingo, na tezi dume ichunguzwe.

2. *Kwa nini mgonjwa hupooza ghafla ilhali uvimbe umekua polepole?* Kwa sababu hatua ya mwisho ni kukatika kwa damu: vena hubanwa, ugwe huvimba, kisha ateri hushindwa.

3. *Kijana ameanguka kutoka mtini, miguu imelegea kabisa na hakuna mwitiko wa goti. Je, hilo linaonyesha kwamba ugwe haujaguswa?* La. Ulegevu ni wa kawaida mwanzoni mwa jeraha la ugwe. Abebwe kama aliyevunjika mgongo.

4. *Ni maswali gani mawili yasiyokosekana kwa kila mwenye maumivu ya mgongo?* “Miguu yako ina nguvu kama zamani?” na “Mkojo unatoka kama kawaida?” Jibu la “hapana” kwa lolote kati ya hayo lianzishe rufaa siku hiyo hiyo.